Mtoto wa Kalenda

Pale Kibirizi, mwaloni ambako mashua hushusha samaki, kila mtu alimjua Yunisi kwa mambo mawili: wepesi wa mikono yake katika kuanika dagaa, na miguu yake. Alikaa Buzebazeba, mwendo wa karibu saa mbili, na kwa miaka ishirini alikuwa akiutembea kwenda na kurudi. Bajaji zilipunguza mwendo kando yake, dereva akachungulia, akamtambua, akaongeza moto. "Huyo mama hapandi," waliambiana. Wengine walidhani ni ubahili. Yeye alisema tu kwamba akipanda gari, mwili unafika na mawazo yanabaki njiani.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mumewe alikwenda Mpanda kutafuta maisha, akayapata pamoja na mke mwingine, na Yunisi hakumfuata. Hakujaliwa mtoto. Lakini nyumbani kwake alikuwapo Gloriose, binti wa miaka kumi na mmoja, na habari ya binti huyo ilianzia hapo hapo mwaloni. Mama yake, Vénérande, alikuwa mwanika dagaa, mtoto wa wakimbizi wa kutoka Burundi walioingia zamani wakaishia kuwa wenyeji. Vichanja vyake na vya Yunisi vilipakana kwa miaka tisa. Mvua ikinyesha ghafla, aliyekuwapo alimfunikia mwenzake dagaa kabla ya kufunika wake. Vénérande alipougua, ugonjwa ulimmaliza upesi. Siku ya mwisho alimshika Yunisi mkono akamwambia maneno machache kwa Kirundi, na Yunisi, kwa kuwa ni Muha, na Kiha na Kirundi husikilizana, hakuhitaji mkalimani. Baada ya mazishi alirudi Buzebazeba na mtoto, begi la mtoto, na kuku mmoja mwekundu.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma.

Mwaka huu, mwezi wa nane, watu wa mtaani walipanga matembezi ya hisani. Katika shule mbili za karibu kulikuwa na watoto waliokuwa wakiacha masomo kwa kukosa sare, viatu na madaftari, na wengine wakiugua bila bima ya afya. Basi Waislamu wa msikiti wa karibu na Wakristo wa makanisa mawili walikaa pamoja, wakaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Feliksi, mstaafu, mtu wa maneno machache na suruali iliyonyooshwa vizuri hata Jumapili jioni. Katibu alikuwa Yasmini, binti mwenye duka la simu, mwepesi wa kufikiri na wa kutenda. Walichagua Jumamosi ya mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawashuki ziwani, dagaa hawaifuati taa, na mwalo mzima hupumzika. Njia ingeanzia Ujiji, ipite Buzebazeba, ipande Mwanga, iteremke hadi stesheni ya Kigoma, halafu ifuate ufuko mpaka Kibirizi.

Yunisi aliposikia, alifurahi. Kutembea? Hilo lilikuwa jambo lake.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Yasmini alikuja nyumbani kwake. Alibisha hodi, akasalimia kwa adabu, akaketi kwenye kigoda, akapokea chai. Gloriose alikuwa uani akifua soksi za shule.

"Mama Yunisi, nimekuja na ombi," alisema Yasmini. "Tumempata mfadhili. Mfanyabiashara wa mjini. Atatupa fulana kwa watu wote, na bendi ya tarumbeta, na yeye mwenyewe ataongeza fungu kubwa. Ila anataka watu waguswe. Anataka mtoto atangulie mbele na bango, apigwe picha, tuzisambaze kwenye simu tangu wiki hii. Tumeona Gloriose anafaa. Mzuri, anajieleza."

"Bango linasemaje?"

"'Mimi ni yatima, nisaidieni nisome.'"

Yasmini aliendelea, sauti ikipungua kidogo kama mtu anayekanyaga ubao asioujua uzima wake. "Na kwa ajili ya picha, mama, asivae viatu. Avae ile sare ya zamani, kama bado ipo. Ni kwa siku moja tu. Ni kwa faida ya wenzake."

"Nimekusikia," alisema Yunisi. "Kunywa chai, itapoa."

Yasmini alipoondoka, Yunisi alibaki ameshika kikombe kilichokwisha. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu hapo Buzebazeba, wala mumewe alipokuwapo, wala Vénérande.

Alipokuwa na miaka minane, wazazi wake walipokwisha kufariki, alipelekwa kwenye kituo cha kulea yatima huko milimani, upande wa Kalinzi, kunakolimwa kahawa. Hakikuwa kituo kibaya. Walikula, walisoma, walipigwa kwa kiasi. Siku moja bibi yake mzaa mama alikuja kumwona, ametembea kutwa nzima, akiwa na gauni alilomshonea kwa vipande vya kitenge. Lilikuwa na mfuko mbele. Yunisi alilivaa, akatia mkono mfukoni, akakuta bibi ametia njugu za kukaanga. Kesho yake walitarajiwa wageni wafadhili. Mlezi wa kituo, mama mmoja aliyeitwa Esther, alipita akiwakagua watoto, akafika kwa Yunisi, akasimama.

"Hili livue," alisema. "Wageni watasema hamna shida."

Akavikwa gauni lililochanika begani. Alilia kwa sababu ya gauni la bibi, na mgeni mmoja mrefu, akidhani analia kwa njaa, akatokwa na machozi na yeye, akampiga picha. Baada ya miezi ile picha ilirudi. Ilikuwa kalenda. Yunisi, kamasi puani, bega wazi, juu ya miezi kumi na miwili. Kalenda zilitundikwa ofisini, kanisani, zahanati, hata kwenye duka la chumvi. Mwaka mzima watu walimwonyesha kidole: "Si yule mtoto wa kalenda?" Shuleni jina likamganda. Alimaliza darasa la saba akiitwa Kalenda. Akateremka ziwani kutafuta mahali ambapo hakuna aliyemjua, na hapo ndipo alipojifunza kuanika dagaa.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua zaidi, kwa sababu lilimnyima hata haki ya kukasirika vizuri. Kalenda ile ilileta msaada. Bweni liliezekwa upya, na kila mtoto akapata godoro. Yeye mwenyewe alililalia lake miaka sita.

Jumapili kamati ilikutana katika darasa moja la shule. Yunisi hakuwa mjumbe, lakini aliingia, akaketi kwenye dawati la nyuma, magoti yakigonga mbao. Ilipofika habari ya bango akainua mkono.

"Gloriose hatalibeba," alisema. Halafu, kwa kuwa walimtazama wakingoja sababu, akasimulia. Alisimulia yote, mpaka njugu za mfukoni. Alipomaliza, nje alisikika kuku akiparura majani.

Mwalimu Feliksi alivua miwani, akaifuta. "Yunisi, nakupa pole. Lakini niache nikuulize. Kalenda ile ilileta kitu?"

"Ilileta, mwalimu. Mabati. Magodoro."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Nimejiuliza miaka yote hii na sijui. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Kama ni lazima mtu atangulie na bango, nitatangulia mimi. Andikeni kwamba nililelewa kwa mchango wa watu, na leo nina mikono yangu."

"Wewe mtu mzima, nani atakuhurumia?" alisema mzee mmoja, na watu wachache wakacheka.

"Sitaki anihurumie. Nataka atembee na mimi."

Yasmini alikuwa ameinamisha kichwa. "Mfadhili atajitoa," alisema taratibu. "Nawaambieni mapema, atajitoa."

Walibishana mpaka jua likageuka. Mwishowe Mwalimu Feliksi akasema kwamba mtoto hawezi kubebeshwa bango mlezi wake akiwa amekataa, na hapo ndipo jambo likaishia, si kwa sababu wote walikubali bali kwa sababu wote walichoka. Siku ya tatu mfanyabiashara akapeleka ujumbe: fulana hazipo, tarumbeta hazipo, na fungu lake amelielekeza kwingine.

Yunisi alikwenda nyumbani siku ile ya kikao akijiona ametua mzigo. Alimkuta Gloriose mlangoni, mikono kifuani, macho mekundu. Habari ilikuwa imemtangulia. Buzebazeba habari hazisubiri mtu atembee.

"Mama mkubwa, umewaambia sitaki," alisema Gloriose.

"Nimewaambia hutabeba bango."

"Umeniuliza?"

Yunisi alivua viatu mlangoni.

"Wewe walikuvua gauni," alisema mtoto. "Mimi hakuna aliyenivua. Yasmini aliniambia tukifika Kibirizi nitapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeandika. Nimeandika ukurasa mzima! Ukaenda ukasema mimi sitaki, na mimi nilitaka."

Akaingia ndani akafunga mlango wa chumba. Yunisi akaketi kwenye kizingiti. Aliyasikia maneno yake mwenyewe ya darasani yakimrudia, *hakuna aliyeniuliza*, na akaona haya, haya ya kweli, kama mtu aliyekamatwa na mali ya mwenzake mkononi. Alikuwa amefikiri juu ya mtoto mmoja tu muda wote ule, na mtoto huyo hakuwa Gloriose.

Akaenda mlangoni. "Gloriose. Nimekosa. Fungua unisomee."

Komeo halikusogea.

"Basi niambie tu. Ulitaka kusema nini?"

Sauti ikatoka nyuma ya mlango: "Nilitaka kulitaja jina la mawe."

Katika Kirundi, mawe ni mama. Yunisi alilijua hilo tangu zamani. Asilolijua ni kwamba shuleni, siku moja mwaka uliopita, Gloriose alianguka uwanjani akapiga ukelele, "Mawe wee!" kama walivyo watu wa kwao waumiapo, na wenzake wakaangua kicheko wakitazama chini kutafuta hayo mawe. Tangu siku hiyo ndilo lilikuwa jina lake. Alikuwa amekaa nalo mwaka mzima chini ya paa moja na mwanamke aliyeitwa Kalenda, na kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake.

Mlango ulifunguliwa. Walizungumza mpaka uji ukashika chini ya sufuria. Walikubaliana hivi: bango hapana, sare kuukuu hapana, viatu atavaa. Lakini akifika Kibirizi, kama bado atataka, atasema. Na kama hatataka, hatasema, hata kama watu wote watakuwa wamekaa wakimngoja.

Jumamosi walikusanyika Ujiji asubuhi, kabla jua halijaanza ukali. Hawakufikia idadi waliyoitarajia. Bila fulana walionekana kama watu waliokutana sokoni kwa bahati: huyu na jezi ya mpira, yule na vitenge vya kanisani, wanafunzi wa madrasa na kanzu zao, bibi mmoja na mwavuli. Badala ya tarumbeta kulikuwa na dufu za madrasa na kwaya ya kanisa, wakipokezana. Wa dufu wakichoka, kwaya inaingia. Yunisi alitangulia. Bango lake alikuwa ameliandika Yasmini mwenyewe, kwa herufi nzuri, ingawa alimkabidhi bila kumtazama usoni: NILILELEWA KWA MCHANGO WA WATU. TEMBEA NASI.

Ile aibu aliyoitarajia ilimpata, hasa walipopita Buzebazeba, kwa majirani. Watu walisoma, wakamtazama, wakasoma tena. Fundi cherehani mmoja aliacha kushona akauliza kwa sauti, "Yunisi, kumbe wewe?" Akajibu, "Ndiyo, ni mimi," na akaendelea kutembea, na hatua kumi mbele akagundua kwamba fundi amefunga cherehani yake na anafuata. Si wengi waliofuata namna hiyo. Wengi walipunga mkono tu, na wengine walitoa walichokuwa nacho wakarudi kwenye shughuli zao.

Kwenye mlima wa Mwanga Mwalimu Feliksi alianza kuchechemea. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vya ofisini. Yasmini akamshika mkono upande mmoja, Yunisi upande wa pili, bango akampa bibi wa mwavuli.

"Vua, mwalimu," alisema Yunisi. "Tembea peku."

"Mwenyekiti peku?"

"Ulitaka mtu atembee peku kwenye haya matembezi, si ndiyo?"

Yasmini aliangua kicheko kabla hajajizuia, na Mwalimu, baada ya kujaribu kukasirika, akacheka naye. Akavua. Huko juu ziwa lilionekana lote, buluu hadi milima ya Kongo, na watu wakasimama kidogo bila kuambiwa, wakipulizwa na upepo.

Walifika Kibirizi karibu na adhuhuri. Mashua zilikuwa zimevutwa ufukoni, wavuvi wameketi wakishona nyavu, wanawake wakigeuza dagaa wa mwisho kwenye vichanja. Mwalimu Feliksi alizungumza, shehe akazungumza, mchungaji akazungumza, na watu wakaanza kusinzia kwa jua. Ndipo Yunisi akainama.

"Unataka?" aliuliza.

Gloriose alitikisa kichwa kukubali. Alipanda juu ya kreti lililopinduliwa, na viatu vyake na soksi nyeupe. Akafungua karatasi. Karatasi ikawa inatoa sauti kwenye kipaza sauti. Alisoma mstari wa kwanza, akapotea, akautafuta wa pili, hakuuona. Yunisi alitaka kwenda kumshusha. Alijizuia kwa nguvu, vidole vimeng'ang'ania khanga.

Gloriose akaikunja karatasi.

"Naitwa Gloriose," alisema. "Mama yangu aliitwa Vénérande. Alikuwa anaanika dagaa pale." Akanyoosha kidole kwenye vichanja, na watu wote wakageuka kutazama. "Alikuwa anaimba vibaya lakini anaimba kwa nguvu. Shuleni wananiita Mawe. Kwetu mawe ni mama. Kwa hiyo mkiniita hivyo mnamwita mama yangu, na mimi nitaitika kwa niaba yake. Basi. Asanteni."

Hakuna aliyelia kwa haraka, kama ilivyozoeleka katika shughuli za namna ile. Watu walikuwa wakikumbuka. Halafu kutoka nyuma, kwenye kivuli cha mashua, mpagazi mmoja mzee aitwaye Ciza alisimama akapaza sauti: "Vénérande! Huyo tulimjua! Aliimba vibaya kweli kweli!" Kicheko kikazuka mwalo mzima, na wanawake wa vichanjani wakaanza kusemezana, huyu akimkumbuka hivi, yule vile. Fedha hawakuwa nazo, ilikuwa mbalamwezi. Lakini mmoja alichota dagaa wakavu kwenye beseni akaja kulitua miguuni pa Mwalimu Feliksi, akafuata mwingine, na mwingine, hata mwalimu akalazimika kurudi nyuma kupisha.

Haikutosha. Hilo lazima lisemwe, na Mwalimu Feliksi alilisema wiki iliyofuata bila kulipamba. Sare zilipatikana, viatu vilipatikana, madaftari yalipatikana, na dagaa wakapikwa chakula cha mchana shuleni kwa siku kadhaa. Bima ya afya haikupatikana. Alisoma majina ya watoto waliobaki bila hiyo bima, taratibu, kama anayeita mahudhurio, na Yunisi aliyasikiliza yote. Hakuna aliyemlaumu mbele ya watu. Lakini alijua, na wao walijua, kwamba picha moja ya mtoto peku huenda ingewabeba wote wale.

Alipotoka nje Yasmini alimfuata. "Sijui nani alikuwa sahihi, mama," alisema.

"Hata mimi sijui," alijibu Yunisi. "Jumatatu nitakwenda kwa yule mfanyabiashara wako. Nitamwambia majina hayo. Twende wote?"

Yasmini alitazama viatu vyake. "Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Walikwenda. Mfanyabiashara aliwakaribisha soda, akasikiliza, akasema atafikiri. Walirudi wiki iliyofuata, akawalipia bima watoto wanne. Waliobaki, Yunisi na Yasmini walianza kuwapitia watu wengine, duka kwa duka, na kazi hiyo mpaka leo haijaisha.

Jumamosi moja mwezi wa tisa, mwezi ukiwa umekwisha kufa na mashua zimerudi ziwani, Gloriose aliomba aende naye Kibirizi. Waliondoka asubuhi. Walipopita stesheni mtoto akauliza:

"Mama mkubwa, mawe alikuwa na hasira?"

Yunisi angeweza kusema hapana. Ndivyo watu wanavyowaambia watoto juu ya marehemu.

"Sana," alisema. "Tuliwahi kununiana mwezi mzima. Vichanja vimepakana, na hatusalimiani."

Gloriose alisimama barabarani. "Mlinuniana kwa nini?"

"Tembea, nitakueleza. Kulikuwa na paka..."

Na mtoto akaongeza hatua, asipitwe na neno.